Maneno kwa Wanawake wa Sindeni juu ya Saratani



Nimeombwa kusema nanyi habari ya ugonjwa unaotajwa kwa kunong'ona tu, nao ni saratani ya mlango wa kizazi. Katika Tanzania hapana saratani iwapatayo wanawake wengi kuliko hii. Ile ya matiti yaifuata. Walakini hii yazuilika kuliko nyingi nyingine, na kwa hiyo nitakaa juu yake.

Asili yake si uchawi, wala si laana ya ukoo. Ni kirusi kiitwacho HPV, ambacho watu huambukizana katika kukutana kwa mume na mke. Mtaalamu Mjerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyeonyesha jambo hili, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki huwapata watu wengi sana, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Basi mgonjwa asisingiziwe uzinzi. Lakini kwa wengine hukaa, na baada ya miaka 10 au hata 20 huleta donda.

Miaka hiyo mwanamke hana maumivu. Hapo ndipo penye hatari, kwani sisi watu wa shamba hatwendi hospitali ila tumeumwa. Mwanamke akitokwa damu katikati ya mwezi, au baada ya kulala na mumewe, au hedhi imekwisha kukoma kisha aona damu tena, asingoje. Wengi hungoja: aibu yawafunga, nauli haijapatikana, mume hajaambiwa. Hatta wafikapo Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali ile iliyojengwa na Wadachi, ugonjwa umekwisha kuenea.

Kupimwa ni kazi ya dakika chache. Muuguzi hupaka siki mlango wa kizazi; palipoharibika hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku ile ile. Yawapasa hasa wenye miaka 30 hata 50, na wenye virusi vya UKIMWI mapema zaidi, maana kwao donda huja upesi.

Kwa binti zetu iko chanjo. Serikali iliianzisha nchi nzima mwaka 2018, kwanza kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni sindano moja tu, kwa wenye miaka 9 hata 14. Nimesikia ikisemwa kwamba yaua uzazi. Si kweli. Saratani yenyewe ndiyo iuondoayo uzazi, kwani mara nyingi dawa yake ni kukikata kizazi au kukichoma kwa mionzi. Enyi makungwi, wali huwaamini ninyi kuliko daktari, semeni nao.

Nanyi waalimu, siku ya chanjo itakapotangazwa, msiwaite watoto peke yao. Waiteni wazazi mapema, na akina baba wawepo, maana nauli i mikononi mwao, na maswali yao yafaa yajibiwe na muuguzi mwenyewe kabla ya sindano kufika.