USALAMA KATIKA MAABARA ZA SKULI

Matini ya mazungumzo kwa walimu wa sayansi, mafundi wa maabara, wanafunzi na wazee wa Unguja na Pemba



Maabara ni chumba pekee katika skuli ambamo mwanafunzi hukabidhiwa moto, sumu na kioo kwa wakati mmoja, kisha akatakiwa avitumie. Katika vyumba vyengine hutakiwa asikilize na aandike. Kwa kuiogopa tofauti hiyo, zipo skuli zilizochagua njia nyepesi: mlango wa maabara hufungwa kwa kufuli takriban mwaka mzima, majaribio husomwa kitabuni, na kufuli hufunguliwa wiki chache tu kabla ya mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Njia hiyo inaonekana kuwa ni ya salama, lakini ndiyo ya hatari kuliko zote. Mwanafunzi ambaye hajapata kushika bureti huingia siku hiyo akiwa na hofu na haraka, na mkono wake haujui uzito wa chupa wala joto la kioo. Ajali humtafuta mtu wa namna hiyo. Kwa hivyo lengo la mazungumzo haya ni kuomba mlango ufunguliwe mapema, na kueleza yanayopasa kujulikana na kila anayeingia.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni tindikali. Watu wengi wa Visiwani wanaijua asidi ya salfa kwa jina la maji ya betri, na kwa kuwa maji hayo huonekana kila siku katika gereji, wamezoea kuyachukulia kama kitu cha kawaida. Ile inayofika skuli katika chupa yake ni kitu chengine. Ya betri imekwishachanganywa na maji, asidi yenyewe ikiwa kama theluthi moja tu ya uzito wake. Ya chupani ni asilimia 98, na mililita moja ina uzito wa gramu 1.84, yaani karibu mara mbili ya uzito wa maji. Inapokutana na maji hutoa joto kubwa sana. Fundi akimimina maji juu ya asidi, maji kwa wepesi wake huelea, huchemka papo hapo, na mvuke huyarusha matone ya asidi usoni mwake. Akifanya kinyume, asidi ikatiwa kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku ikikorogwa kwa kijiti cha kioo, asidi huzama na joto husambaa katika maji yote. Chombo nacho kikikalishwa ndani ya beseni la maji baridi, kazi huwa salama zaidi.

Wanafunzi huikariri kanuni hii ya asidi ndani ya maji, na wengi huiandika vizuri katika mtihani. Shida huja mikono inapofanya kazi na akili iko pengine. Tena hapana haja ya kumtuma mtoto kubeba chupa ya lita mbili na nusu kutoka ghalani kuvuka ua wa skuli. Kutengeneza lita moja ya asidi ya salfa ya moli 0.1 kunahitaji mililita 5.5 tu za asidi kali. Fundi aipime na kuipunguza ukali huko huko ghalani, na darasani ifike ile iliyo tayari.

Aidha, inafaa ikumbukwe kwamba katika miaka ya 2012 na 2013 watu kadhaa walimwagiwa tindikali hapa Zanzibar, wenyeji na wageni, na baadhi yao wamebaki na makovu ya maisha. Baada ya hayo hapana msamaha kwa skuli isiyojua ina chupa ngapi za asidi. Daftari la ghala liandikwe kila chupa inapoingia na kila mililita inapotoka, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana, si juu ya fremu ya mlango ambapo kila mwanafunzi anajua upo.

Kinachodharauliwa zaidi ni kostiki soda, ambayo maabarani huitwa hidroksidi ya sodiamu. Akinamama wanaotengeneza sabuni ya mwani wanaielewa kuliko wanafunzi wengi wa kemia, kwani wao wameiona inavyochemsha maji bila ya moto. Wanafunzi huiogopa asidi na kuiona kostiki kuwa ni ndugu wa sabuni. Kwa jicho la mwanadamu, mambo ni kinyume. Asidi huigandisha nyama ya juu, na mgando huo huizuia kidogo isizame zaidi; kostiki huyageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, ikapenya na kuendelea kula ndani. Juu ya ngozi huanza kwa utelezi, na anayeuhisi utelezi huo aelewe kwamba kinachogeuka sabuni ni ngozi yake mwenyewe.

Ndiyo maana miwani ya kujikinga imetangulia vifaa vyote. Robert Bunsen, Mjerumani ambaye jina lake limo katika kila maabara kwa ajili ya kichomeo cha gesi kilichotengenezwa Heidelberg mwaka 1855, alipoteza uoni wa jicho moja kwa mripuko alipokuwa akichunguza michanganyiko ya aseniki. Alikuwa bingwa wa kazi yake. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa sababu ubavuni ni wazi. Skuli yenye miwani kumi na wanafunzi arubaini ifanye kazi kwa zamu za watu kumi kumi, na waliobaki waandike hesabu zao. Zamu huchelewesha somo, lakini jicho halina badala.

Ipo pia desturi ya kuvuta pipeti kwa mdomo. Walimu wengi walifundishwa hivyo, nao wamewafundisha hivyo wanafunzi wao, na kwa asidi hafifu ya mtihani wengi wamesalimika. Kusalimika huko ndiko kulikoipa desturi umri mrefu. Pipeti ya mililita 25 inapovutwa, ncha yake ikitoka juu ya uso wa maji kwa bahati mbaya, hewa huingia kwa kasi na kilichomo hupanda hadi kooni. Siku hiyo chombo kikiwa na amonia au kostiki, au kikiwa kimechanganyika na cha jirani, madhara hayatibiki kwa kusukutua. Mpira wa kuvutia pipeti ni kifaa kidogo, na ununuliwe kabla ya kununuliwa chati za ukutani.

Moto unahitaji maelezo marefu kidogo. Spiriti, ambayo skuli nyingi za shamba huitumia katika taa kwa kukosa gesi, hutoa mvuke unaoweza kushika moto katika joto la nyuzi 13 hadi 17 za Selsiasi. Unguja na Pemba, hata usiku wa kipupwe, hazifiki ubaridi huo. Maana yake ni kwamba katika Visiwa hivi chupa ya spiriti iliyo wazi huwa tayari kuwaka saa zote, mchana na usiku, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa juu ya meza hadi ukaufikia moto ulio mbali. Tena ndimi za moto wa spiriti ni hafifu sana mchana. Mtu huidhani taa imezimika, akaijaza, kumbe ingali inawaka.

Mkasa wa aina hiyo ulitokea mjini New York tarehe 2 Januari, 2014, katika skuli moja ya sekondari. Mwalimu alikuwa akiwaonyesha wanafunzi rangi za moto kwa kuunguza chumvi mbalimbali katika visahani vyenye methanoli, ambayo ni spiriti ya jamii ile ile na huwaka kwa wepesi zaidi. Moto ulipofifia aliongeza methanoli kwa kuimimina kutoka katika chombo cha kiasi cha lita nne. Moto ulipanda, ukaruka, ukawafikia wanafunzi waliokaa mbele. Wawili waliungua, mmoja wao vibaya sana. La kusikitisha ni kwamba wiki chache kabla, mwezi wa Disemba 2013, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikuwa imekwishatoa filamu ya kuwaonya walimu juu ya jaribio hilo hilo. Onyo lilikuwepo, halikufika darasani. Na rangi zile zile huonekana kwa waya safi uliochovywa katika chumvi, au kijiti cha mbao kilicholowekwa usiku kucha katika maji ya chumvi, bila ya tone moja la spiriti. Kwa skuli zitumiazo taa za spiriti, taa izimwe kwa kifuniko chake, iachwe ipoe, ijazwe mbali na meza za moto, na chupa kubwa isikae darasani hata kidogo.

Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa na hujilaza sakafuni. Kuvuja kwake kutafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Kama umeme upo, swichi isiguswe. Madirisha yafunguliwe kwanza.

Mavazi yana sehemu yake. Mtandio ni vazi la heshima na hapana anayetaka uvuliwe, lakini ncha zake zisining'inie juu ya moto. Zipenyezwe ndani ya koti la maabara na kubanwa kwa pini. Linalofaa kuangaliwa na wazee wakati wa kununua sare ni kitambaa: pamba huungua, ilhali nailoni na poliyesta huyeyuka na kugandana na ngozi. Makubadhi nayo hayafai maabarani, kwani kioo kilichovunjika na asidi iliyomwagika vyote huishia miguuni.

Kuhusu harufu, mwanafunzi asiweke pua juu ya mdomo wa chupa. Apepee kwa mkono hewa kidogo imfikie. Gesi ya yai viza, ambayo hutokea katika uchambuzi wa chumvi, ina hila ya pekee: ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa, na mtu akadhani imekwisha. Baadhi ya maabara zina kabati la kutolea moshi lenye feni, lakini feni hutegemea umeme, na wakaazi wa Unguja hawajasahau jinsi kisiwa kizima kilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika katikati ya jaribio la gesi, jaribio lisitishwe na watu watoke nje. Tahadhari hiyo ifike na majumbani: dawa ya kung'arishia nguo ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa klorini, gesi iliyotumika kuua askari huko Ypres mwaka 1915.

Ghala la maabara nyingi limepangwa kwa alfabeti, na mkaguzi akipita hulisifu kwa unadhifu. Alfabeti haijui kemia. Asidi ya nitriki ikae mbali na spiriti na kila kitu kinachowaka. Asidi ya hidrokloriki mbali na amonia. Asidi zote ziwe rafu za chini, chini ya usawa wa macho, ndani ya sinia la plastiki. Sodiamu hukaa ndani ya mafuta ya taa, na kwa joto letu mafuta hayo hupungua, kwa hivyo yatazamwe kila mwezi. Ikiwaka, isimwagiwe maji. Ifukiwe kwa mchanga mkavu. Hewa ya bahari nayo hula lebo. Lebo ikipakwa nta ya mshumaa hudumu, na chupa iliyokwisha kupoteza jina lake isikisiwe kwa kunusa wala kuonja. Scheele, mkemia mkubwa wa Sweden, alikuwa na mazoea ya kuonja alivyovigundua. Alifariki mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 43.

Vimo pia vitu vya zamani vinavyostahili kuondolewa. Wavu wa kukalishia chombo juu ya moto wenye duara jeupe la asbesto usitumike tena. Vipimajoto vya zebaki navyo vina mbadala wa spiriti yenye rangi, na Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviingiza nchini. Zebaki ikimwagika isifagiwe kwa ufagio, kwani huzidi kugawanyika. Ikusanywe kwa karatasi ngumu, itiwe ndani ya chupa yenye kifuniko, na madirisha yaachwe wazi.

Ikitokea ajali, dawa ya kwanza ni maji, na kwa mambo mengi ndiyo dawa pekee iliyo mikononi mwa mwalimu. Jicho lililoingiwa na asidi au kostiki lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, hata kama mtoto analia. Asidi isitafutiwe kostiki, wala kostiki isitafutiwe asidi. Ngozi iliyoungua kwa moto ipozwe kwa maji kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na ute wa yai visipakwe. Kwa kuwa mabomba ya skuli nyingi hukauka mchana, pipa la maji safi lenye bilauri liwepo ndani ya maabara kabla ya somo kuanza, na likiwa tupu, somo lisianze.

Mgonjwa anapopelekwa hospitali afuatane na karatasi yenye jina la kemikali, ukali wake, saa ya ajali na dakika ambazo maji yalitumika. Daktari wa Mnazi Mmoja au wa Chake Chake akiipata karatasi hiyo huanza kazi papo hapo. Akiambiwa tu kuwa ni dawa ya maabara, hubaki akiuliza, na mgonjwa akingojea.