Deni Limekwisha, Sasa Tuweke Akiba



Tunazipongeza kaya zilizomaliza madeni yao. Hata hivyo, miezi ya kwanza baada ya deni ndiyo ya hatari. Fedha iliyokuwa ikienda kwa mkopeshaji inabaki mfukoni, na matumizi hayakosekani. Kisha mtoto anaugua, na familia inarudi kukopa kwa riba.

Tunashauri kaya iendelee kulipa, safari hii ijilipe yenyewe. Aliyekuwa akirejesha shilingi 20,000 kwa mwezi aziweke zote. Kwa miezi 12 atapata 240,000. Kila mwezi atenge 10,000 za dharura, zisiguswe kwa sherehe; 6,000 za shule, kwani serikali ya Tanzania iliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado ni vya mzazi; na 4,000 za mbegu.

Baba na mama wapange pamoja. Fedha isikae chini ya godoro. Ipelekwe kwenye kikundi chenye sanduku la kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu.

Tunaziomba kamati zizitembelee kaya hizi mapema. Akiba haiozi.