Askari, Kambi na Nyumba: Je, Kila Kazi ya Jeshi Lazima Ifanyiwe Kambini?

Nimefundisha shule za msingi hapa Songea kwa miaka 31, na kwa miaka 26 kati ya hiyo nilikuwa mke wa askari aliye kazini. Mume wangu amestaafu, tunalima mahindi. Mada hii nimeiandaa nikiwa mtu aliyeishi nje ya lango la kambi, akimsubiri aliye ndani.

Nianze na jambo lililonikuta. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa kabla ya siku zake akiwa na kilo moja na nusu. Wauguzi walinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kwa sababu joto la mwili wa mzazi ndilo linalomhifadhi mtoto wa namna ile. Walioifanya kazi hiyo wanajua ilivyo. Huwezi kuoga, huwezi kufua nepi, hata ugali unaula kwa shida, mpaka apatikane wa kukupokea. Na baba naye anaweza kumpokea, kifua chake kina joto lilelile.

Mume wangu alikuwa karani wa malipo. Kila mwezi, orodha za mishahara zikishapelekwa, zilikuwepo siku ambazo faili zilikwisha kabla ya saa 6 mchana. Nyumba yetu ilikuwa dakika 20 kwa miguu kutoka kambini. Hata hivyo alikaa mezani mpaka paredi ya jioni, maana hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia aende. Alikuwa akifika saa 12, anavua buti mlangoni, ananawa, anafungua shati na kunyoosha mikono. Kuanzia hapo ndipo mimi nilipopata kula. Angekuwa lindoni mpakani nisingekuwa na neno, nilijua nimeolewa na nani. Lakini alikuwa ameketi kwenye kiti, faili limefungwa mbele yake.

Mtoto yule alipona, sasa ni kijana mkubwa. Swali la siku zile halijanitoka: kiti kile kililindwa kwa faida ya nani?

Raia wa Tanzania aliyeajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku akirejea kazini. Baba anapewa siku tatu. Mwanzoni kabisa mwa sheria hiyo imeandikwa kwamba haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Naielewa sababu. Jeshi haliwezi kuongozwa na mkataba wa saa nane kwa siku, na lina kanuni na amri zake, zikiwemo za likizo. Ninachosema ni kwamba mwalimu akitaka kujua haki yake anafungua kitabu, ilhali askari, kwa mengi yanayohusu saa zake za kila siku, anategemea moyo wa aliye juu yake. Akimpata afande mwenye huruma, mtoto wake ananyonya. Akipata mwingine, anavumilia.

Tangu zamani nyumba ndiyo inayolifuata jeshi. Wazee wa mkoa huu walilishuhudia hilo kwa macho. Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck kilipovuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, wake wa askari walivuka nacho, na watoto wao, na vyombo vyao vya kupikia. Septemba 1918 kikosi kilivuka tena kurudi upande huu na kupita Ungoni, na wanawake wale walikuwa bado wamo msafarani. Siku hizi hatutembei nyuma ya msafara, tunafuata kwa basi. Uhamisho ukitoka, mke mwalimu anaandika barua ya kumfuata mwenza, anasubiri kibali, na watoto wanabadili shule katikati ya muhula. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Nimepokea darasani watoto wa askari waliokuwa wakisoma shule ya tatu wakiwa darasa la nne.

Hata hivyo nchi hii inamjua vizuri askari anayelala kwake. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vijiji vya mpakani mwetu vilikuwa na mgambo, watu waliolima mchana na kulinda usiku. Idi Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu, ambalo halikufika watu 40,000, lilikua kwa miezi michache hadi zaidi ya 100,000, wakiwemo mgambo kwa maelfu waliotoka mashambani na maofisini. Kampala iliangukia mikononi mwao Aprili 11, 1979. Vita vilipokwisha, mgambo walirudi majumbani. Hakuna aliyesema wamepungukiwa na uaskari kwa sababu walikuwa na jembe. Kwa hiyo anayesema kwamba utumishi na nyumba ni vitu visivyokaa pamoja, naomba aanzie hapo.

Wenzetu Uingereza walitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 2018, na ikaanza kutumika Aprili 1, 2019. Askari wa kudumu anaweza kuomba kupunguziwa siku za kazi kwa muda maalumu, au kuomba asitengwe na nyumbani kwake kwa zaidi ya siku 35 kwa mwaka. Aliyepunguziwa siku hupunguziwa na mshahara, na jeshi likimhitaji linamwita. Sipendekezi tuichukue jinsi ilivyo. Mshahara wa askari wetu ukipunguzwa, kinachopungua ni sahani ya mtoto. Ninachokiona cha kujifunza kwao ni kwamba wameliandika jambo hili, likaacha kuwa la kuombana usoni.

Najua mtaniuliza kuhusu usalama wa kazi ikipelekwa nyumbani, na mnayo haki. Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya programu ya wakimbiaji iitwayo Strava ilikuwa ikionyesha njia za ndani ya kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia na vifaa vyao mkononi. Kama mazoezi ya asubuhi yanaweza kufichua kambi, kompyuta yenye siri sebuleni ni hatari zaidi. Mawasiliano ya siri, silaha, mipango ya operesheni, ghala: hayo yabaki kambini. Na hakuna utaratibu wa saa utakaombadilishia kazi askari aliyeko kwenye kituo cha walinda amani kama kile cha Semuliki, Kongo, walikouawa askari wa Tanzania Desemba 7, 2017. Kwa askari kama hao kinachohitajika ni kingine: taarifa ya mapema kabla ya kuondoka, kila inapowezekana, na muda wa kutosha nyumbani wanaporudi, kabla hawajapangiwa lindo tena.

Lakini jeshi si mtutu pekee. Lina makarani, wahasibu, walimu, mafundi na wauguzi. Yapo masomo ya kuandaa, taarifa za ukarabati wa majengo, hesabu za bwalo, na mengi ya haya hayana siri yoyote. Afisa wa kikosi akikaa na makarani wake nusu siku, atajua zipi zinaweza kuandikwa nyumbani, na zipi zinaweza kufanywa saa 12 asubuhi ili mtu aondoke saa 8 mchana. Si lazima kuwe na mtandao wala kompyuta. Ratiba ya lindo ikibandikwa mwezi mmoja kabla, badala ya kusomwa jioni ya kuamkia zamu, mke muuguzi ataweza kupanga zamu yake hospitalini ili mtoto asilale peke yake.

Kuna hofu nyingine inayosemwa chini kwa chini, kwamba askari wa miguu atamwonea wivu karani. Nimeishi nao. Askari wa miguu hakasiriki mwenzake akienda kumpokea mtoto. Anakasirika anapoona ruhusa inatolewa kwa kujuana. Ndiyo maana nasisitiza maandishi: nani anaweza kuomba, anamwomba nani, anajibiwa ndani ya siku ngapi, na ruhusa inakoma lini. Amri ya kumrudisha kazini ibaki mikononi mwa mkuu wa kikosi, wakati wowote, bila mjadala.

Askari wa kike mwenye mtoto anayenyonya asipangwe lindo la usiku. Hili sitalieleza zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, sijaja kuomba sheria mpya, wala fedha. Naomba kikosi kimoja tu hapa Songea kikubali kujaribu kwa miezi sita. Kianze na ofisi ya malipo, kwa sababu hesabu zake zina tarehe zinazojulikana na kazi ikichelewa itaonekana siku hiyohiyo. Baada ya miezi sita tuitwe tena hapa, maafisa waje na kumbukumbu zao za kazi, na sisi wenza tuulizwe. Walimu tuko tayari kusaidia kuandaa maswali hayo, nami niko tayari kuanza hata wiki ijayo.