Kijiti Chenye Panda

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze jinsi wazo linavyogeuka kuwa kazi ofisini. Mimi ni bwana shamba, basi nitasema habari za migomba.

Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa hapa kwetu Kagera. Wadudu huubeba kutoka ua dume hadi ua dume, na panga hulipeleka gonjwa hilo kutoka shina hadi shina. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukizipasua zimeoza. Watu wa Ngara na Biharamulo sina haja ya kuwaeleza maana ya nyumba isiyo na mgomba.

Nilikuwa nimetoka Sokoine, Morogoro, siku si nyingi. Nikaandika andiko la kurasa 11: gari, semina, mabango. Likapanda ngazi, likalala katika jalada. Nami nikakaa nikingoja jibu kwa miezi. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Siku moja, katika kijiji kimoja cha Ngara, mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, maneno yako nimeyasikia. Sasa kesho asubuhi nifanye nini?" Nikakata kijiti chenye panda, nikakibana kwenye ua dume la mgomba wake ambao chana ya mwisho ilikwisha kutokea, nikalisokota mpaka likakatika. Hapakuhitajika panga wala shilingi. Njia hiyo sikuibuni mimi, ilifundishwa Uganda kabla yetu. Nayo ilikuwamo katika andiko langu, ukurasa wa 9!

Juma lililofuata nikamwomba mwenyekiti wa kijiji asubuhi moja tu. Watu wakaja na vijiti vyao. Wengine walikataa, wakidhani mkungu utadumaa. Na sisi tulikosea: migomba iliyougua tuliikata kwa panga lile lile, shamba baada ya shamba. Mzee mmoja ndiye aliyetusimamisha akauliza kwa nini panga halipiti motoni. Huenda kabla ya hapo tuliusambaza sisi wenyewe. Tangu siku hiyo tuliwasha moto pembeni mwa kila shamba.

Andiko halikujibiwa hadi leo. Kijiti kimoja nimekuja nacho, kiko pale mezani karibu na jagi la maji. Wadogo zangu mnaotoka kwenye migomba, mkipita mkishike.