Polisi na Mwendo wa Motakaa Ndani ya Ua wa Mtu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nyarugusu)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja aliuliza swali, nalo likazua mabishano hata saa ya kufunga ikapita. Aliuliza hivi: Je, askari wa polisi ana haki ya kumshtaki mwendesha motakaa kwa kwenda mbio, hali motakaa ile haikuwa katika barabara ya Serikali, bali ndani ya eneo la mgodi au kiwanja cha mtu? Wengine walisema, "Sheria ni sheria, nayo haina ua." Wengine wakajibu, "Kwangu ni kwangu. Askari na aningoje langoni." Halmashauri ikanitwika mimi kazi ya kulichungua jambo hili na kuwaletea habari zake. Nimelichungua kadiri nilivyoweza, nami naona kwamba pande zote mbili zimekosa, ingawa hazikukosa sawasawa.

Na tuanze na sheria yenyewe. Sheria kuu ya mambo haya katika nchi yetu ni Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973. Hiyo ndiyo iliyoweka kwamba katika miji na mahali palipojengwa nyumba za watu motakaa isizidi kilomita 50 kwa saa, na kwamba lori lenye uzito upitao kilo 3,500 lisizidi kilomita 80 hata nje ya mji. Hiyo ndiyo impayo askari nguvu ya kusimama njiani na kile chombo cha kupimia mwendo, ambacho madereva wamekibandika jina la tochi. Lakini litazameni jina la sheria hii. Haikuitwa Sheria ya Usalama wa Motakaa popote zilipo. Yaitwa ya Usalama Barabarani. Basi swali letu lote latundikwa juu ya neno moja tu: barabara ni nini?

Mtu wa kawaida akiulizwa hujibu upesi kwamba barabara ni ile iliyochongwa na Serikali. Wanasheria hawasemi hivyo. Sheria za magari za nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimetoka katika ukoo wa sheria za Uingereza, na huko Uingereza sheria ya mwaka 1930 ilisema kwamba barabara ni njia kuu, na tena ni njia nyingine yoyote ambayo watu wote hufika na kupita. Jirani zetu wa Kenya katika sheria yao ya 1953 wamelipanua neno hilo zaidi, hata wakataja gati, na mahali pa kuegesha motakaa, na njia ya miguu, maadamu gari laweza kupita na watu wote wana nafasi ya kufika. Na hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ielezapo njia ya watu wote yataja soko, uwanja, mtaa, daraja, na njia yoyote ambayo watu huitumia kwa halali. Yaongeza kwamba mahali huweza kuwa pa watu wote hata kama waingiao hutozwa kiingilio.

Angalieni, mabwana, neno lisilokuwamo katika maelezo hayo yote. Hapana mahali palipoulizwa, "Ardhi hii ni ya nani?" Swali ni moja tu: "Ni nani apitaye?"

Wala katika nchi yetu swali la mwenye ardhi halina mashiko kama wengi wadhanivyo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa ajili ya raia. Tulicho nacho sisi ni haki ya kuikalia na kuitumia. Mwenye leseni ya kuchimba dhahabu ana haki yake katika madini, nayo ni haki kubwa, wala simpunguzii kitu. Bali leseni ile peke yake haiwezi kuigeuza njia ipitwayo na watu mia kwa siku kuwa ukumbi wa nyumba yake.

Nitawapa kesi moja ya nchi ya mbali, kwa kuwa mahakimu wa ukoo huu wa sheria huirejea mara nyingi. Katika Scotland palikuwa na njia itokayo barabara kuu na kwenda mpaka nyumba ya mkulima. Njia ile ilikuwa ya mkulima mwenyewe, naye ndiye aliyeitengeneza kwa fedha zake. Haikuwa na lango. Watu wasio na shughuli naye walipita, na mara moja moja aliwarudisha. Mtu mmoja aliyenyang'anywa ruhusa ya kuendesha motakaa akakutwa akiendesha pale, akajitetea kwamba hiyo si barabara. Kesi hiyo, iitwayo Harrison na Hill, imo katika taarifa za hukumu za mwaka 1932. Wakuu wa korti waliamua kwamba ilikuwa barabara, kwa sababu watu walikuwa wakipita kweli, nao walipita kwa ruhusa ya mwenyewe, iwe ruhusa ya kusema au ya kunyamaza. Wanyang'anyi wanaoruka ukuta hawahesabiwi. Wahesabiwao ni wale ambao mwenyewe huwaona akawaacha.

Sasa turudi Nyarugusu. Ninyi nyote mwazijua njia zetu za wachimbaji wadogo. Njia hutoka sokoni, ikapita kando ya makarasha, ikazunguka chungu za marudio, ikakata kati ya maduara ya watu watatu au wanne wenye leseni mbalimbali, kisha ikatokea upande wa pili kwenye nyumba. Serikali haikuichonga. Lakini hupita humo pikipiki zenye viroba vya mawe, na lori za maji, na mama wauza uji alfajiri, na watoto waendao shule kwa kuwa ndiyo njia fupi. Mwenye leseni awaona kila siku, wala hawazuii. Pengine yeye mwenyewe hununua uji ule. Kwa maoni yangu njia ya namna hii ni barabara kamili machoni pa sheria, na mwendesha lori akipita humo mbio na askari akamshika, kusema "hapa ni eneo la bosi" hakutamfaa kitu.

Hali kadhalika viwanja vyetu wenyewe. Kiwanja cha hospitali, cha ofisi ya wilaya, cha kituo cha mafuta: malango hukaa wazi mchana kutwa, na kila mtu mwenye shida huingia. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu nimewasikia baadhi ya madereva wa magari ya Serikali wakijigamba kwamba wakiisha kuvuka lango la ofisi wamekuwa huru. Huo ni uhuru wa kujipa wenyewe.

Lakini upande wa pili nao wana haki yao. Yako maeneo ambayo yamefungwa kweli kweli. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000, una mashimo na njia ambazo mtu wa nje hakanyagi ila kwa idhini, na magari yabebayo mawe humo, yenye kuchukua tani zaidi ya 100, hayatoki kwenda sokoni. Wazee wa Shinyanga watakumbuka Mwadui, mji wa almasi uliojengwa baada ya John Williamson kuyavumbua mawe yale mwaka 1940: ua wa waya, malango, walinzi, na mgeni hakuingia bila kibali. Mahali kama hapo watu wote hawafiki. Wafikao ni wafanya kazi na walioalikwa. Hapo naona kwamba askari na tochi yake hana kazi ya kupima mwendo, na atakayemshtaki mtu kwa kupita kilomita 50 ndani ya shimo la mgodi ataona kesi yake ikianguka.

Hata hivyo haina maana kwamba ndani ya ua ule hakuna sheria. Zipo Kanuni za usalama migodini za mwaka 2010, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, nazo zina wakaguzi wao. Makampuni makubwa mara nyingi huweka kikomo cha mwendo kilicho chini kuliko cha Serikali, na dereva akivunja hupoteza kazi, adhabu ambayo wengi wangeibadili kwa faini wakapewa nafasi. Tena, mtu akiuawa kwa uzembe, Kanuni ya Adhabu haiulizi kama pale palikuwa barabara au chumba cha kulala: kuua bila kukusudia ni kosa popote, na polisi ataingia. Vile vile aliyevunja sheria huko nje barabarani, kisha akakimbilia ndani na kufunga lango, hajaokoka. Kosa limekwisha tendeka barabarani, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yamtaka mwenye mahali amfungulie askari mwenye haki ya kumkamata aliyemo.

Lango basi lina nguvu, lakini lazima liwe lango la kweli. Ubao ulioandikwa "Njia ya Binafsi", nao umeliwa na mchwa na kuinama katika nyasi, huku watu wakipita mbele yake asubuhi na jioni, hauthibitishi kitu ila kwamba zamani palikuwa na fundi wa rangi.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko faini na tochi, na ambalo latuhusu sisi makarani hasa.

Neno hili barabara limo pia katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Bima ya lazima, ile ya kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa, imeamriwa kwa gari litumikalo barabarani. Mfanya kazi akigongwa kazini ana mfuko wake wa fidia, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao haujali kama alikuwa ndani ya ua au nje. Lakini yule mama wa uji si mfanya kazi wa mtu. Tegemeo lake, au la watoto wake kama amekufa, ni bima ya lori lile. Na mwenye bima akiona nafasi ya kusema kwamba ajali haikutokea barabarani, ataitumia nafasi hiyo. Ndiyo biashara yake.

Huko Uingereza jambo hili lilitokea dhahiri. Mtu aliumizwa na motakaa katika uwanja wa kuegesha magari, na mwaka 1998 korti ya juu kabisa, katika kesi ya Clarke na Kato, iliamua kwamba uwanja ule kwa kawaida si barabara, hivyo dai lake likakwama. Ilibidi mwaka 2000 kanuni zibadilishwe, yakaongezwa maneno "au mahali pengine pa watu wote", ndipo walioumizwa baadaye wakapata njia.

Sasa fikirini karani aandikaye taarifa ya ajali. Pana mstari usemao: Mahali pa tukio. Karani amechoka, jua limekuchwa, naye aandika, "Ndani ya eneo la leseni ya fulani." Si uongo. Lakini kwa maneno hayo machache amempa mwenye bima ufunguo wa kuufunga mlango. Karani mwingine angeandika, "Katika njia itokayo sokoni kwenda makazi, ipitayo kati ya makarasha, isiyo na lango wala mlinzi, itumiwayo na watu wote mchana na usiku." Hayo pia ni kweli, tena ni kweli iliyo kamili zaidi, nayo ndiyo hakimu atakayoitaka. Sisemi mwandike yasiyokuwapo ili kumpendelea mtu. Nasema mwandike lango, mlinzi, ubao, na wapitao, kama mlivyowaona kwa macho, kwa maana hayo ndiyo yaamuayo kesi, na baada ya miezi sita hapana atakayekumbuka.

Mwanachama mmoja aliogopa kwamba tukilikubali hili, polisi watapata kisingizio cha kuingia kila kiwanja na kusumbua watu. Hofu hiyo naielewa. Lakini aliye na sababu ya kweli ya kujitenga, na afunge lango, aweke mlinzi, awarudishe wasiohusika, sheria itamheshimu. Asichoweza ni kupokea faida ya wapita njia, wateja na wauzaji, kisha siku ya ajali aseme hawakuwako.

Kwa sasa njia yetu ya makarasha haina hata kibao kimoja cha mwendo. Nimeandika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kwa ofisi ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuomba waje waitazame na waseme kwa maandishi kama waihesabu kuwa barabara, na kama ndivyo, wasimike vibao na matuta karibu na pale watoto wavukapo. Nakala iko mezani kwa Bwana Katibu. Halmashauri imekwisha kuipitia, na nafasi ya sahihi za wanachama iko ukurasa wa pili.