Mkutubi Anapostaafu, Nani Anabaki na Alichokijua?



Mwaka 2002 Profesa T. D. Wilson wa Uingereza alichapisha, katika jarida la Information Research alilolianzisha mwenyewe, makala iliyouita usimamizi wa maarifa upuuzi. Maarifa yamo kichwani mwa mtu, alisema. Yakishatoka huwa taarifa tu, na taarifa tumezisimamia siku zote. Wakutubi wengi wa vyuo vikuu wanasema hivyo hivyo: tunakatalogi tangu zamani, jina jipya la nini? Wengine huitupia kazi yote idara ya TEHAMA, kana kwamba ni suala la kununua programu.  Wilson siwezi kumruka.

Amepatia kwamba makampuni ya ushauri yaliuza mvinyo uleule kwa lebo mpya. Lakini tazameni alikotafuta ushahidi: kwenye makala za majarida, tovuti za makampuni hayo, na kozi za shule za biashara. Ushahidi wa namna hiyo hauwezi kumwonyesha mkutubi akiwa kazini. Kisha, kutoka kusema maarifa hayahamishiki kama faili, akahitimisha kwamba hayasimamiki. Hapo ndipo ninapomkatalia. Mkulima haamrishi mbegu kuota. Husimamia maji, palizi na majira ya kupanda.

Someni badala yake kisa cha mkate alichokisimulia Nonaka, msomi wa usimamizi kutoka Japani, na kukirudia pamoja na Takeuchi katika kitabu chao cha 1995. Kampuni ya Matsushita ya Osaka ilitaka kuunda mashine ya mkate ya nyumbani, na unga haukukubali kukandika vizuri. Wahandisi walilinganisha hata picha za eksirei za donge la mashine na donge la fundi mwokaji, hawakuambulia kitu. Ndipo Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Hoteli ya Osaka International. Akaona kwamba mwokaji yule havuti unga tu, bali huusokota. Mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni. Ninakipenda kisa hiki kupita kiasi, ndiyo maana sina budi kuwataja watafiti Ribeiro na Collins, ambao mwaka 2007 walionyesha kwamba mashine haikuchukua ufundi wote wa mwokaji. Sehemu kubwa bado inajazwa na mtumiaji na mazingira yake. Nakubaliana nao. Lakini Tanaka alisogezwa karibu na fundi kwa uamuzi wa watu, na uamuzi huo ndio usimamizi ninaouzungumzia.

Uamuzi wa namna hiyo sikuuona nilipoanza kazi. Katika maktaba ambayo sitaitaja, makusanyo maalumu yalikuwa chini ya mhudumu mmoja mzee. Msomaji akiuliza habari za ardhi na katalogi ikakosa jibu, mzee humwuliza: shauri la mpaka au la mirathi? Kisha huenda moja kwa moja kwenye faili lenye jina la afisa wa kikoloni, mahali ambapo hakuna mgeni angefikiria kutafuta. Alistaafu. Mrithi wake akaajiriwa miezi kadhaa baadaye, akakabidhiwa funguo.

Hata katalogi bora ina mpaka wake. Ile ya J. W. T. Allen ya 1970, ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko Dar es Salaam, ni kazi ya kuheshimiwa. Itakuonyesha mswada uliopo. Kuusoma mwandiko wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, wenye irabu ambazo macho lazima yazizoee, utafundishwa na mtu aliyeketi pembeni yako.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Chuo: mrithi wa mkutubi mwandamizi aajiriwe mwaka mmoja kabla ya mkutubi huyo kustaafu, wahudumie wasomaji pamoja. Najua mhasibu atauliza kuhusu mishahara miwili kwa kiti kimoja. Tarehe ya kustaafu haimshtui mtu. Imo kwenye faili tangu siku ya ajira, na bajeti inaweza kuisubiri.