Uzito Umehamia Wapi? Kamera Isiyo na Kioo na Mzigo wa Mpiga Picha



Mwaka 2018 Nikon walitoa Z7, mwaka mmoja tu baada ya D850. Nazilinganisha hizi kwa sababu vihisi vyao vinalingana kwa ukubwa na vyote vina pikseli milioni 45.7. D850, yenye kioo, ina gramu 1,005 pamoja na betri na kadi. Z7, isiyo na kioo, ina 675. Aliyewahi kuning'iniza kamera shingoni tangu bibi harusi anatoka saluni hadi keki inakatwa hahitaji mhadhara ili azithamini gramu hizo 330.

Katika kamera ya kioo, nuru ikishapita kwenye lenzi hukutana na kioo kilichoinama, ikapandishwa kwenye prizimu, kisha ikalifikia jicho. Ukibonyeza, kioo huruka juu kuipisha. Chenyewe ni chepesi; kinachogharimu ni nafasi ya kurukia. Tangu Nikon F ya 1959, lenzi ilibidi ikae milimita 46.5 mbele ya filamu. Kwenye Z7 ni milimita 16. Prizimu nayo ikaondoka, mahali pake pakawekwa skrini ndogo ya kuchungulia.

Matangazo ya biashara hukomea hapo. Mimi naomba lenzi nayo ipandishwe mzanini.

Chukua lenzi ya Canon ya milimita 400 yenye uwazi wa f/2.8, lile dude la pembeni mwa uwanja wa mpira. Ya kamera za kioo, toleo la tatu, ina urefu wa milimita 343 na gramu 2,840. Ya kamera zisizo na kioo ina milimita 367 na gramu 2,890. Imeongezeka urefu kwa milimita 24, na 24 ndizo hasa Canon walizozipunguza kwenye bodi, kutoka 44 hadi 20. Nafasi iliyotolewa huku imerudi kule kama bomba tupu! Wala si uzembe wa wahandisi: gawa 400 kwa 2.8, utapata uwazi wa karibu milimita 143, na lenzi ya mbele lazima iufikie upana huo, kioo kiwepo kisiwepo.

Lenzi za pembe pana zina habari nyingine. Kioo kilizizuia kukaribia filamu, ndiyo maana mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alileta muundo wa kuzisogeza mbele, kwa gharama ya lenzi za ziada ndani yake. Kizuizi hicho sasa kimeondoka. Ila wabunifu wengi wameutumia uhuru huo kutafuta picha kali, si wepesi. Canon ya milimita 50, f/1.2, ilikuwa chini ya gramu 600 kwenye kamera za kioo. Mrithi wake ana 950.

Tena kioo chenyewe hakikuwahi kulazimisha uzito. Kamera ya filamu ya Yoshihisa Maitani wa Olympus, iliyotoka 1972 na baadaye kuitwa OM-1, ilikuwa na kioo na prizimu, na bado ilikuwa takriban gramu 510. Sony a7 ya 2013, isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, ina 474.

Halafu kuna betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera, D850 hupiga picha 1,840 kwa chaji moja, Z7, 330. Hizo betri za akiba zinazojaa mfukoni hakuna anayezipima.

Anayetaka begi jepesi kwelikweli apunguze kihisi. Panasonic G1 ya 2008, iliyofungua njia ya kamera zisizo na kioo, ilikuwa na kihisi cha milimita 17.3 kwa 13. Kwenye kihisi hicho, lenzi ya Olympus ya milimita 300, f/4, yenye gramu 1,270 bila shikizo la tripodi, huona pembe ileile ya lenzi ya milimita 600 kwenye kihisi kikubwa kama cha Z7. Canon ya 600, f/4, ina gramu 3,050. Wepesi huo hulipiwa kwa nuru: kihisi kidogo kina eneo la karibu robo ya kile kikubwa, na kwa f/4 ileile hukusanya robo ya nuru. Mchana wa jua kali mtu hataona tofauti. Ukumbini saa tano usiku, ataiona.